Kurunzi ya mfukoni: Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa

MJI wa Isiolo uko karibu mno na mstari wa ikweta, chini ya nusu digrii upande wa kaskazini, na kwa sababu hiyo usiku wake haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kutajika. Muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni jua huzama, kiza huingia upesi, na mtu hubaki na takriban saa kumi na mbili za giza mbele yake, Januari hadi Disemba.

Katika saa hizo shughuli hazikomi. Bawabu wa duka huingia zamuni. Mwenye bodaboda humpeleka abiria Kiwanjani au Bulla Pesa kupitia vichochoro visivyo na taa. Mama huamka kumsindikiza mtoto chooni, na choo aghalabu kimejengwa mbali na nyumba. Mfugaji wa Merti, Garbatulla au Oldonyiro husikia mbuzi wakihangaika zizini na hana budi kutoka kwenda kutazama. Hata wakazi waliounganishiwa umeme hawajasalimika: Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani kwa saa nyingi, ukiwemo uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi.

Kila mmoja wa watu hawa anahitaji mwanga unaotoshea kiganjani na unaowaka pale unapobonyezwa. Kifaa hicho ni kurunzi ya mfukoni. Sokoni wataiita tochi, nami sina ugomvi na neno hilo ingawa hapa nitashikilia lile la kwanza.

Wapo watakaouliza haja ya kurunzi ni nini ilhali simu ina taa. Swali hilo lina mantiki. Nokia 1100, iliyoingia sokoni mwaka 2003, ilipendwa nchini kwa sababu ya taa yake ndogo ya kichwani, na simu za namna hiyo zikabandikwa jina la mulika mwizi. Lakini mulika mwizi haimuliki mbali. Taa ya simu hutawanya mwanga pande zote na kuishiwa nguvu baada ya hatua chache. Isitoshe, kila dakika ya mwanga ni dakika inayopunguzwa kwenye chombo ambacho mtu atakihitaji kuitia jirani, gari la wagonjwa au polisi. Mwenye kutembea usiku na kifaa kimoja kinachofanya kazi zote mbili huenda akavikosa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kurunzi yenyewe ina umri wa zaidi ya karne. Hataza ya kurunzi ya mkononi yenye umbo la bomba ilitolewa Marekani mwaka 1899 kwa jina la David Misell, na Conrad Hubert ndiye aliyeigeuza kuwa biashara iliyozaa jina la Eveready. Kampuni ya jina hilo iliingia Kenya mwaka 1967, na betri zenye picha ya paka zilizotengenezwa Nakuru zikawa ndizo mawe ya redio na ya kurunzi kote nchini hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2014. Wakati huo balbu ya waya, iliyogeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, ilikuwa tayari inaaga.

Kilichoiondoa ni taa za LED. LED nyeupe hupatikana kwa kuifunika LED ya buluu kwa unga unaobadilisha sehemu ya mwanga wake kuwa wa manjano, na macho yetu huona mchanganyiko huo kuwa mweupe. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura aliyezaliwa Japani na kuhamia Marekani, walitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua LED hiyo ya buluu. Faida kwa mnunuzi ni kwamba LED nzuri ya leo hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja ya umeme, hivyo betri ndogo sana inaweza kufanya kazi ya maana.

Hata hivyo, pamoja na LED nzuri zimekuja nyingi mbovu. Watafiti walionunua aina tatu za kurunzi za kuchaji zilizokuwa zikiuzwa sana nchini Kenya mwaka 2009 walizipima moja baada ya nyingine na kugundua kuwa hakuna hata moja iliyofikia sifa zilizochapishwa kwenye kasha lake. Uwezo wa betri ulikuwa chini ya ule uliotangazwa kwa asilimia 30 hadi 50. Zaidi ya hayo, kurunzi za aina ile ile, zilizotoka kwenye maboksi yanayofanana, zilitofautiana kwa hadi asilimia 38 katika muda wa kuwaka. Yaani hata mtu aliyesifiwa kurunzi na rafiki yake, akaenda kununua ya jina lilo hilo, hakuwa na hakika ya kupata kitu kile kile.

Hali haijabadilika kwa kiasi cha kumfanya mnunuzi alegeze macho. Kasha linaweza kutangaza maelfu ya lumeni kwa bei ya chakula cha mchana, na mwenye duka mwenyewe hana njia ya kujua ukweli. Basi mnunuzi hana budi kuelewa mwenyewe namba hizo zina maana gani.

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye kurunzi, bila kujali unaelekea wapi. Kumuliki ndani ya chumba au kutafuta funguo kwenye begi, lumeni tano hadi 20 zinatosha. Kutembea njia ya vumbi kati ya mtaa na mtaa, 50 hadi 100 ni nyingi za kutosha. Lumeni 300 zinafaa kukagua boma zima. Ikumbukwe pia kwamba jicho halihesabu kama mashine: mwanga ukiongezwa maradufu, jicho huona tofauti ndogo tu. Kwa hiyo anayelipa zaidi ili kutoka lumeni 500 hadi 700 analipia tofauti ambayo hataiona kwa urahisi.

Umbali ni suala jingine kabisa, nao hupimwa kwa kandela, yaani ukali wa mwale katika mwelekeo mmoja. Kurunzi mbili zenye lumeni sawa zinaweza kutofautiana sana: moja ikamwaga mwanga kama ndoo ya maji, nyingine ikautuma kama mshale. Kiwango cha FL1, kilichochapishwa Marekani mwaka 2009 na ambacho watengenezaji wa kuaminika hukitaja kwenye kasha, huhesabu umbali hadi mahali mwanga unapofifia ukawa takriban sawa na wa mbalamwezi. Kwa kipimo hicho, kandela 2,500 hufika mita 100. Ili kufika mita 200 zinahitajika kandela 10,000, wala si 5,000, kwa kuwa umbali ukizidi mara mbili ukali lazima uzidi mara nne.

Kiwango hicho hicho kina jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga uliposhuka na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kurunzi iliyoandikwa lumeni 1,000 kwa saa tatu huenda ikatoa lumeni 1,000 kwa dakika chache tu, kisha ikajishusha yenyewe ili isiungue, na kumalizia muda uliobaki kwa mwanga wa wastani. Huo si udanganyifu. Kifaa kidogo kiasi hicho hakina mahali pa kupeleka joto. Ni vyema basi kuuliza inawaka kwa muda gani katika kiwango cha kati, maana hicho ndicho kitakachotumika kila siku.

Tuje kwenye betri, ambako ndiko pesa nyingi hupotelea.

Betri za kawaida za zinki na kaboni ni rahisi na zinapatikana katika kila kioski, hata kule ambako gari hufika mara moja kwa wiki. Sifa hiyo si ndogo. Za alkali hudumu zaidi lakini zote mbili zina ila moja: zikisahauliwa ndani ya kurunzi kwa miezi kadhaa huvuja, na ute wake hula springi na kuta za ndani. Kurunzi ya akiba inayohifadhiwa kabatini itolewe betri zake ziwekwe kando. Wala mtu asichanganye betri mpya na kuukuu, kwa kuwa ile iliyochoka ndiyo itakayovuja.

Kuna zile za nikeli zinazochajiwa upya, zenye umbo la betri ndogo ya AA. Moja yenye uwezo wa mAh 2,000 inaweza kutoa lumeni 100 kwa muda wa karibu saa mbili, au lumeni 20 usiku mzima. Hazivuji kwa urahisi, huchajiwa mamia ya mara, na siku chaja ikikosekana mtu hununua za kioskini akaendelea. Kwa maoni yangu, kwa mkazi wa kaunti yenye masafa marefu na umeme haba kama Isiolo, kurunzi inayotumia betri moja ya AA ndiyo ya busara kuliko zote, ingawa si ya kujivunia mbele ya marafiki.

Betri za lithi zina nguvu zaidi. Iliyoenea ni ile ya 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: milimita 18 za upana na 65 za urefu. Ikiwa halali na yenye mAh 3,000, huweza kuwasha lumeni 100 kwa takriban saa kumi. Tatizo ni hilo neno halali. Betri bora za umbo hilo zina uwezo wa takriban mAh 3,500, hivyo ile iliyoandikwa 9,900 kwa herufi za dhahabu ni ya uongo, wala hakuna haja ya maabara kuthibitisha hilo. Aliye na shaka aiweke kwenye mizani. Ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi au zaidi kidogo. Iliyojazwa unga na hewa huwa nyepesi waziwazi.

Betri hizo zinadai heshima. Ikiwekwa mfukoni peke yake pamoja na sarafu au funguo, ncha zake mbili zinaweza kuunganishwa na chuma hicho na kuwaka moto mwilini mwa mtu. Kadhalika ipo betri ya lithi iitwayo 14500 ambayo ina umbo sawa na la AA lakini volti zake ni 3.7 badala ya 1.5. Kuitumbukiza katika kurunzi isiyoundwa kwa ajili yake ni kuiunguza papo hapo. Joto nalo huzizeesha kabla ya wakati, kwa hiyo kurunzi isiachwe kwenye dashibodi ya matatu iliyoegeshwa juani mchana kutwa.

Aina ya mwisho ni zile kurunzi za plastiki zenye meno ya kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Nyingi zina betri ndogo ya risasi na asidi. Betri ya namna hii hufa ikiachwa tupu. Sahani zake hujenga utando mgumu na haishiki chaji tena. Mwenye nayo aichaji kila baada ya matumizi hata kama bado inawaka, na aichaji kabla ya kuihifadhi. Wengi hufanya kinyume chake, huitumia hadi izime ndipo waitafutie umeme wiki ya pili, kisha humlaumu Mchina.

Kuhusu gharama, hesabu ni rahisi. Tuseme kurunzi ya Sh300 hudumu miezi mitatu na ya Sh1,500 hudumu miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu ile ya kwanza itanunuliwa mara 12, na jumla itakuwa Sh3,600. Lakini hesabu hii humsahau bawabu ambaye mwisho wa mwezi hana Sh1,500 za kutoa kwa mkupuo mmoja. Kwake yeye ushauri wa kununua kilicho bora ni maneno matupu, na pengine mwajiri wake ndiye anayepaswa kusoma makala hii. Mtu aliyeajiriwa kulinda mali ya maelfu gizani apewe mwanga wa kumtosha, kama vile anavyopewa koti na rungu.

Dukani, kurunzi isinunuliwe ikiwa imefungwa ndani ya plastiki. Ifunguliwe kofia ya nyuma na kutazamwa iwapo nyuzi za skrubu ni laini na kama kuna mpira mwembamba wa kuzuia maji. Iwashwe, itikiswe, igongwe kidogo kwenye kiganja. Mwanga ukicheza sasa, utazima siku ya haja. Swichi ibonyezwe mara kumi mfululizo. Iachwe ikiwaka kwa dakika kumi huku mnunuzi akipiga gumzo na mwenye duka. Kurunzi kali ya chuma inayopata joto sehemu ya kichwa inafanya inavyotakiwa, kwani joto linatoka kwenye LED kuja nje. Ile ya plastiki inayobaki baridi huku mwanga wake ukififia inajipika ndani.

Swichi hupuuzwa na wanunuzi ilhali ndiyo inayoguswa kila siku. Kurunzi nyingi za bei nafuu hupitia mwanga mkali, mdogo, kisha wa kumetameta, kila zinapobonyezwa. Mtu anayetaka kuona njia tu hulazimika kwanza kujipofusha. Macho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwale mmoja mkali hubatilisha yote hayo. Afadhali inayoanzia mwanga mdogo, au inayokumbuka kiwango kilichotumika mwisho. Ihakikishwe pia kuwa haiwezi kujiwasha mfukoni, maana yenye nguvu inaweza kutoboa nguo kwa joto; kuilegeza kofia ya nyuma robo mzunguko hukata umeme katika nyingi zenye mwili wa chuma.

Alama za IP huonyesha ulinzi dhidi ya vumbi na maji. IPX4 hustahimili mvua, na IPX7 huweza kuzama mita moja ya maji kwa nusu saa. Ile X ina maana kwamba ulinzi dhidi ya vumbi haukupimwa, na katika nchi kavu ya Isiolo vumbi ndilo adui wa kila siku. Anayeweza kupata yenye tarakimu 6 mahali pa X, kama IP68, ataepuka swichi inayokwama.

Mahali pa kuibeba pia pafikiriwe. Aliyevaa suruali anafaidi kibanio cha mfukoni. Mchungaji aliyejifunga kikoi hana mfuko, na kwake kamba ya shingoni au taa ya kufunga kichwani ni bora zaidi, hasa inapobidi mikono miwili imshike mbuzi anayezaa.

Namna ya kuishika nayo ina maana kubwa. Nyoka aina ya bafe hakimbii anaposikia hatua za mtu. Hulala kimya akitegemea rangi yake inayofanana na udongo na majani makavu. Mwanga ukitoka juu, humlaza pamoja na ardhi. Kurunzi ikishikwa chini, usawa wa goti au nyonga, kila jiwe na kila kiumbe hutupa kivuli na umbo lake huonekana. Hapo pia rangi ya mwanga huhesabika: LED yenye weupe wa kuelekea ubuluu hufifisha tofauti za rangi ya kahawia, na katika vumbi au ukungu humrudia mtazamaji machoni. Yenye umanjano kidogo ni bora. Shirika la Afya Duniani liliorodhesha sumu ya nyoka miongoni mwa maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na waathiriwa wake wengi ni watu wa mashambani wanaotembea bila mwanga.

Kwa kutafuta fisi au ng'ombe aliyepotea, mambo ni kinyume. Macho ya wanyama hao yana utando wa nyuma unaorudisha mwanga kule ulikotoka. Kurunzi inyanyuliwe hadi karibu na shavu, ndipo macho yao yatang'aa mbali kabla mwili haujaonekana.

Uwezo wa mwanga kuwafukuza wanyama wakali si hadithi ya vijiweni. Richard Turere, kijana wa Kitengela aliyelinda mifugo ya babake kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alibaini kuwa simba walimwogopa alipozunguka boma na kurunzi, lakini hawakujali taa iliyosimama mahali pamoja. Akaunganisha taa za kurunzi mbovu, kifaa cha indiketa ya pikipiki, betri ya gari na paneli ya sola, zikawa zinamulika kwa zamu kana kwamba mtu anatembea. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alilisimulia jukwaa la TED huko California namna alivyofanya.

Nyumbani kuna tahadhari moja kwa wenye watoto. Kurunzi ndogo za kuning'iniza kwenye funguo hutumia betri bapa mfano wa kifungo cha shati. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuchoma nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Kama kifuniko chake hakifungwi kwa skrubu, isiletwe nyumbani kabisa, na mtoto akishukiwa kumeza apelekwe hospitalini bila kungoja dalili.

Na kwa wanaolala kwenye mkeka, kipo kifaa kingine cha bei ya wastani ambacho wachache wanakijua: kurunzi ya mionzi ya urujuanimno. Haifai kumulikia njia. Lakini ngozi ngumu ya nge hung'aa rangi ya kijani mbele ya mionzi hiyo, kwa namna ambayo hata aliyejificha katika mkunjo wa blanketi huonekana wazi. Isielekezwe machoni. Ipitishwe juu ya matandiko kabla ya kulala, na ndani ya viatu alfajiri kabla ya kuvivaa.